Zege linalonyonya maji: dalili, visababishi na tiba kwa wajenzi wa Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Uyole hadi Makambako malalamiko ni yale yale. Sakafu inatoa vumbi hata ukifagia asubuhi na jioni. Tangi la zege linatoka jasho. Ukuta unachanua unga mweupe kila mvua zikianza, na bloku zinameguka pembe kabla hazijashushwa kwenye gari. Mwenye nyumba huyaona kama magonjwa manne tofauti na kununua dawa nne tofauti dukani. Mara nyingi ugonjwa ni mmoja: saruji imeganda ikiwa na vitundu vingi mno ndani yake, na vitundu hivyo vimeungana hadi maji na hewa vinapita.

Kabla ya dalili, tupige hesabu moja, kwa sababu kila kitu hapa chini kinarudi kwake.

Saruji haigandi kwa kukaushwa na jua. Inaganda kwa kuchanganyika na maji na kugeuka kitu kipya, ute mgumu unaojaza nafasi iliyokuwa na maji. Chukua mfuko wa kilo 50. Ukiondoa hewa iliyo katikati ya chembe, saruji yenyewe ina ujazo wa lita 16 hivi. Ikiganda yote, inazaa ute wa lita 34 hivi, zaidi kidogo ya mara mbili, na haizidi hapo. Ukiichanganya na maji lita 25, yaani ndoo kubwa moja na robo, jumla ni lita 41. Ute unajaza 34, lita 7 zinabaki vitundu. Sasa saidia fundi anasema, "Mama, zege zito hili, toroli halisukumiki, tuongeze kidogo." Anaongeza nusu ndoo. Jumla inakuwa lita 51, lakini ute ni ule ule wa lita 34. Vitundu vimetoka lita 7 hadi 17. Lita kumi alizoongeza zote zimegeuka uwazi, hata moja haikugeuka zege.

Jambo la pili ni muda. Siku za mwanzo vitundu vyote vimeshikana, kisha ute unakua na kuziba njia moja baada ya nyingine, mradi zege lina unyevu. Mtafiti wa Kimarekani T. C. Powers na wenzake walichapisha mwaka 1959 makadirio ya muda unaohitajika hadi njia zikatike. Kwa maji lita 20 kwa mfuko ni siku 3 hivi, kwa lita 25 ni siku 14, kwa lita 30 miezi 6, na kwa lita 35 mwaka mzima. Ukizidisha hapo, hazikatiki kabisa, hata umwagilie mpaka wajukuu wakue. Makadirio hayo ni ya saruji ya kawaida iliyokaa na unyevu wakati wote, katika joto la wastani. Huku kwetu baridi ya Juni na Julai inachelewesha mgando, na saruji zilizochanganywa na majivu ya volkano zinaganda polepole zaidi mwanzoni. Si saruji mbaya. Zikipewa muda na maji, vitundu vyake huwa vidogo hata kuliko vya saruji tupu. Ila ukiacha kumwagilia siku ya tatu, umelipia kitu ambacho hukukichukua.

Sakafu inatoa vumbi

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na vipimo vyake havihitaji fedha. Fagia sehemu moja vizuri, kisha weka kijiko kimoja cha maji na uangalie. Kwenye sakafu iliyofungana, maji yanasimama yakiwa yamevimba kidogo, na ukirudi baada ya dakika chache bado yapo. Kwenye sakafu yenye vitundu, kingo za tone zinaanza kutambaa mara moja, doa jeusi linapanuka kuliko maji yenyewe, na baada ya sekunde chache hakuna tone tena, kuna doa tu. Kisha kwaruza kwa ncha ya msumari. Ukiacha mstari mweupe mwembamba, sawa. Ukichimba mfereji na kutoa unga, tabaka la juu ni dhaifu. Kama tone limesimama na msumari hauchimbi, vumbi lako linatoka barabarani au kwenye dari, acha sakafu ipumzike.

Kisababishi kinachoongoza ni maji yaliyopanda juu. Zege likimwagwa, kokoto na mchanga vinazama kidogo na maji yanapanda usoni. Fundi mwenye haraka anapiga mwiko maji yakiwa bado yanang'aa, au ananyunyizia saruji kavu ili ayanyonye, halafu anapiga niru (uji wa saruji tupu wa kulainisha uso) juu yake. Uso unaonekana laini kama kioo siku hiyo, lakini milimita mbili tatu za juu zina maji kuliko zege lote la chini. Hizo ndizo zinazogeuka vumbi. Dawa yake siku ya kazi ni subira: maji yaondoke yenyewe, uso ubaki na unyevu usiong'aa, ukikanyaga alama ya kiatu iwe ya kina kidogo tu, ndipo mwiko upite.

Kinachofuata ni kukosa kumwagiliwa, na hapa Mbeya na Iringa tuna adui wetu, upepo mkavu wa Agosti na Septemba. Jua si kali kama la Dar es Salaam, kwa hiyo mtu anadhani hakuna haraka. Lakini hewa ni kavu na upepo hauachi. Uso wa sakafu unakauka kabla ute haujapata nafasi ya kukua. Kunyunyiza asubuhi na jioni hakutoshi kama katikati ya siku sakafu imeshakuwa nyeupe. Funika kwa magunia yaliyolowa au nailoni iliyobanwa kingo kwa matofali, siku 7 kwa uchache, siku 14 kama ni saruji yenye mchanganyiko au ni kipindi cha baridi.

Kipo kisababishi ambacho wengi hawakidhanii, nacho ni cha kwetu kabisa: jiko la mkaa. Njombe, Makete na Mafinga, mtu akimwaga sakafu Julai anaogopa baridi, anafunga madirisha na kuwasha jiko ndani. Hewa ya ukaa inayotoka mkaani inakutana na uso mbichi na kugeuza chokaa yake kabla haujaganda. Matokeo ni tabaka laini la chaki. Juu ya hayo, chumba kilichofungwa chenye mkaa unaowaka kinaua mtu usingizini. Usiwashe, na usimwache kibarua alale humo kulinda zege.

Mchanga wenye udongo ndio wa mwisho. Upime hivi: jaza chupa ya plastiki nusu yake kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache saa tatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi sehemu 8 kwa 100 ya mchanga, uoshe au ukatae mzigo.

Kurekebisha kunategemea kina. Kama unga ni wa juu tu, sugua kwa brashi ya waya, osha, acha ikauke, kisha paka dawa ya silikati inayouzwa kwa ajili ya sakafu. Yenyewe inaungana na chokaa iliyomo vitunduni na kuzaa ute mwingine, kwa hiyo inaziba kweli. Rangi inafunika tu, na juu ya unga itatoka pamoja na unga. Kama msumari unazama milimita kadhaa, dawa haitasaidia. Kwangua mpaka ufike kwenye zege gumu, lilowanishe, paka uji wa saruji, na umwage tabaka jipya la sentimita 4 hadi 5 juu ya uji huo ukiwa bado mbichi.

Tangi la zege au kisima cha mvua kinapungua maji

Usianze kupaka kitu. Jaza, funika ili jua lisichukue chochote, funga mabomba yote, weka alama ya kiwango, rudi kesho yake saa ile ile. Kisha liache siku kadhaa uone kiwango kinasimama wapi. Kikisimama mahali, tundu lako lipo usawa huo. Mara nyingi utalikuta pale bomba linapopenya ukuta, au pale zege la leo lilipomwagwa juu ya la jana bila kukwaruzwa na kuoshwa. Hivyo viwili ndivyo vinavyoongoza.

Kama nje kunalowa sawasawa bila mahali maalumu, na maji hayaachi kushuka, hapo ni vitundu vya saruji yenyewe: maji mengi kwenye mchanganyiko, au ukuta ulifunguliwa mbao na kuachwa ukauke upeponi.

Tangi jipya linalotoka jasho kidogo lipe nafasi. Liache limejaa wiki mbili hadi tatu. Saruji ambayo haijamaliza kuganda inaendelea kuzaa ute, na chokaa inayoyeyuka inajaza nyufa nyembamba sana, zile zisizofika robo ya milimita. Matangi mengi mapya yanajifunga yenyewe, na mwenyewe anakuja kumshukuru aliyemuuzia dawa.

Lisipojifunga, tiba ni ya ndani, upande wa maji, kwa sababu maji yanaisukuma dawa ishike ukuta badala ya kuibandua. Kwangua, osha, weka lipu ya saruji moja kwa mchanga tatu katika mapigo mawili, kila pigo nyembamba, kona zikiwa za mviringo. Au tumia dawa ya saruji ya kuzuia maji iliyoandikwa wazi kuwa inafaa maji ya kunywa. Mwagilia kwa wiki, kisha jaza, mwaga maji ya kwanza.

Simama hapa: tangi lililo juu ya nguzo likiwa na ufa unaoingia kucha, au likianza kuegemea, limwage na uite mhandisi. Na hakuna mtu kuingia peke yake kwenye kisima kilichokaa kimefungwa. Kifunguliwe kwanza kipate hewa, mwingine abaki juu na kamba.

Ukuta unatoka unga mweupe na kulowa chini

Tunaita chumvi, lakini si zote chumvi. Futa kwa kitambaa kibichi. Ukipotea kabisa na kurudi baada ya siku chache, ni chumvi zinazoyeyuka, zimetoka ardhini au kwenye tofali la kuchoma. Ukibaki mgumu kama ukoko, ni chokaa ya saruji iliyosafiri na maji hadi nje na kugeuka chaki hewani. Kwa vyovyote, unga ni ushahidi kwamba maji yanasafiri ndani ya ukuta. Kuupaka rangi ni kufuta ushahidi.

Angalia urefu wa unyevu. Ukiwa mstari unaoishia usawa wa goti au kiuno kuzunguka nyumba nzima, maji yanapanda kutoka kwenye msingi, kwa sababu karatasi ya kuzuia unyevu haikuwekwa, au ilitobolewa, au udongo wa nje umerundikwa juu yake. Kadiri vitundu vinavyokuwa vyembamba na vimeungana, ndivyo vinavyovuta maji juu zaidi. Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, ukuta wa namna hii haupati hata mwezi wa kukauka sawasawa. Unyevu ukiwa kiraka kimoja, tafuta bomba au kingo ya bati kwanza.

Pumzisha ukuta: shusha udongo wa nje uwe chini ya karatasi kwa sentimita 15, jenga mfereji, weka kingo pana ya paa isiyorusha matone ukutani. Unga wenyewe uondoe kwa brashi kavu. Ukianza na maji unazirudisha chumvi vitunduni ulikozitoa. Asidi ya betri ambayo wengine wanashauri inakula saruji na kufungua vitundu vipya, achilia mbali macho ya anayeipaka.

Nguzo au bimu yenye matundu, kokoto zinaonekana

Haya si vitundu vya maji, ni hewa na kukosa uji. Mbao zilivuja, zege lilidondoshwa kutoka juu likajitenga, au vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishuke, haikufika kati ya nondo. Kila asilimia moja ya hewa iliyonaswa inapunguza nguvu kwa takribani asilimia 5, na hesabu hiyo inapanda haraka.

Gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka. Kama tundu ni la juu juu na nondo haionekani, toa kokoto zilizolegea, lowanisha, jaza kwa saruji moja na mchanga mbili au tatu, iliyo ngumu kiasi cha kusukumwa kwa mkono, kisha mwagilia. Kama nondo inaonekana, kama chuma unachochokonolea kinazama zaidi ya sentimita 3, au kama ni kitako cha nguzo kinachobeba ghorofa, usizibe. Nasema usizibe kwa sababu fundi atakuja na karai la lipu jioni hiyo hiyo ili mwenye nyumba asione. Weka magogo ya kushikilia, simamisha kazi ya juu, ita mhandisi aliyesajiliwa.

Lipu inalia tupu au ina nyufa za nywele

Ukigonga na kusikia mvumo wa uwazi, mara nyingi tofali la kuchoma halikulowanishwa. Tofali zetu zinanyonya sana, zinavuta maji ya lipu kabla haijaganda, na pale zinapokutana panabaki unga. Lowanisha ukuta jana yake na tena asubuhi. Nyufa za nywele zinazofanana na ramani ni za upepo na mwiko uliopigwa kupita kiasi. Hazina madhara, zipake uji mwembamba au ziache.

Bloku zinameguka na kulewa maji

Pima moja iliyokauka vizuri, izamishe saa 24, ifute, ipime tena. Iliyokuwa kilo 20 ikitoka na kilo 22.4 imenyonya asilimia 12, na hiyo si ya kujengea ukuta wa nje. Bloku ina kisa kinyume na zege: tatizo lake kubwa ni saruji chache mno na mchanganyiko mkavu usioshindiliwa, kwa hiyo vitundu vyake ni mianya kati ya chembe za mchanga. Ivunje uangalie ndani. Kiini chenye rangi ya mchanga wa mtoni na kinachofikichika kwa vidole kinakuambia mfuko mmoja ulitoa bloku nyingi kuliko ulivyoweza. Nunua kwa anayeziweka kivulini na kuzimwagilia wiki nzima, hata kama ni ghali kidogo.

Zege limelala siku mbili bado bichi, au uso unatoka magamba

Hili ni la Juni hadi Agosti, Makete, Kitulo, Njombe na kingo za Mufindi. Chini ya nyuzi 10 mgando unazorota sana. Kubaki bichi kwenyewe si hasara. Acha mbao mahali pake, funika, ongeza siku za kumwagilia, usipandishe mzigo. Hasara ni barafu. Maji yakiganda kuwa barafu yanapanuka kwa asilimia 9, na ndani ya zege changa yanasukuma kila kitundu na kuacha uso unaobanduka magamba. Ukipambazuka na umande mweupe majanini, kwaruza zege la jana: lililoganda barafu kabla ya kushika litafikichika, na hilo halirekebishiki, linatolewa.

Kinga ni rahisi. Mwaga asubuhi ili joto la mchana lisaidie, tumia maji vuguvugu, funika jioni kwa nailoni kisha majani makavu juu yake kwa unene wa kiganja. Mchanga uliolala nje na umande nao una maji yake. Kwa mfuko mmoja wa zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), unyevu wa asilimia 5 mchangani ni lita 5 na zaidi ambazo lazima uzitoe kwenye ndoo.

Mistari ya kutu, zege linabanduka juu ya nondo

Hapa ndipo vitundu vinapofika mwisho wa safari. Saruji mpya ina ukali wa chokaa unaolinda chuma. Hewa ya ukaa inaingia polepole kupitia vitundu na kuumaliza ukali huo kutoka nje kwenda ndani. Ikifika kwenye nondo, unyevu unaanzisha kutu, kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholika, na zege linapasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Jiko la kuni lenye bimu isiyo na lipu linafika huko mapema, hasa kama nondo ilikaa sentimita moja tu kutoka nje badala ya mbili na nusu hadi nne.

Ufa wa namna hiyo kwenye kizingiti cha dirisha dogo, fundi mzoefu anaweza kuufungua, kusugua chuma mpaka king'ae pande zote na kujaza upya. Kwenye bimu, nguzo, ngazi au roshani, usiguse hata kwa patasi. Hamisha watu wanaolala chini yake, weka magogo ya kushikilia, mtafute mhandisi. Akifika ataomba kuchimba kidogo na kunyunyiza dawa inayogeuka waridi pale ambapo chokaa bado ina ukali. Mruhusu achimbe, na umwonyeshe mahali pote penye mistari ya kutu, hata pale ulipokwisha kupaka rangi.